Gari Lisilorudi Nyuma

Mama yangu hakupanda gari langu hata mara moja akiwa hai. Sikumnyima. Alikataa mwenyewe, tena mbele ya watu, na maneno aliyosema siku ile yalikuja kurudiwa siku ya msiba wake, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa. Kwa hiyo nianze na siku ile.

Nilikuwa dereva wa lori la kubeba nguzo za simu. Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi kutoka Burundi wamejaa Mtabila na kambi nyingine, na barabara ya Kasulu kwenda Kibondo haipumziki kwa malori ya chakula chao. Nguzo zilifika Kigoma kwa treni, na sisi tulizipandisha milimani mpaka Kasulu, nyingine mpaka Kibondo. Urefu wake ulilizidi lori lenyewe mbali sana. Ncha za mbele zililala juu ya lori, nyuma ya kabini, na ncha za nyuma zililala juu ya kigari chenye magurudumu yake. Kati ya lori na kigari hapakuwa na chuma cha kuviunganisha. Kilichoviunganisha ni nguzo zenyewe, zimefungwa minyororo mbele na nyuma. Kwenda mbele, gari lile lilikwenda vizuri ukilipa nafasi na subira. Kurudi nyuma halikurudi. Ukijaribu, kigari kinageukia kinakotaka chenyewe, na mzigo wote unalala mtaroni.

Nyumbani kwetu ni Murungu, kabla ya kufika Kibondo mjini. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama akarudi kwao kwa kaka yake mkubwa, na huko ndiko nilikokulia. Barabara kuu pale inashuka mteremko mrefu. Katikati ya mteremko ndipo ilipo njia panda ya kuingia kwetu, kati ya migomba. Chini kabisa kuna tambarare na kisoko cha mihogo na dagaa. Nilipopita na nguzo nilisimama kule chini tambarare, kamwe si njia panda. Mama akisikia honi alishuka kwa miguu na chakula kwenye kitambaa.

Siku moja alikuja na maharage na ugali wa muhogo, na wanawake wenzake wawili watatu waliotaka kuliona gari la mwanawe. Wakati mimi na utingo wangu tunakula, yeye alitembea kuzifuata nguzo polepole, mpaka mwisho kabisa ambako tulifunga kitambaa chekundu. Akakishika, akarudi.

"Na ukikosea njia?" akaniuliza.

"Naendelea mbele, mama, mpaka nipate mahali papana pa kuzungukia."

"Usipopapata?"

"Naendelea tu."

"Kurudi nyuma?"

"Halirudi."

Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Mwanangu ameacha jembe akaenda kuoa kitu kisichorudi nyuma."

Walicheka. Utingo akamwambia, "Mama, panda tukupeleke Kibondo ukaone mji. Kiti kipo."

"Mimi? Sipandi kitu kisichorudi nyuma. Nikisahau kufunga kuku je?"

Walicheka tena, na kichekesho kile kikaingia kijijini. Mtu akikataa jambo, wanawake wa kwetu walisema, "Sipandi, nikisahau kuku je?" Mama alikipenda. Nami nilikipenda, sitadanganya. Nilijiona mtu mkubwa, mwenye gari ambalo watu wanalitungia maneno.

Aliugua tumbo masika yaliyofuata. Walimpeleka Kibondo, na Kibondo wakampeleka Kasulu. Aliyemuuguza ni mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, mwanamke mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Mimi nilikuwa Kigoma napakia. Nguzo hazipakiwi kwa haraka. Zinavingirishwa juu ya magogo kwa kamba na mabega ya watu, moja moja, na kila moja imepakwa ile dawa nyeusi ya kuzuia mchwa, inayonuka kama lami na moshi pamoja. Jua likiwaka inatoka jasho. Ukiigusa, mkono wako ni mweusi wiki nzima.

Nilifika Kasulu na mzigo wangu, nikaingia kwenye uwanja wa tajiri, yaani mwenye lori. Mama mdogo alikuwa amesimama getini, khanga amejitanda mpaka usoni. Nilizima gari, nikabaki nimekaa mikono kwenye usukani mpaka utingo alipokuja kufungua mlango upande wangu.

Tajiri wetu alikuwa Mwislamu, mtu mzima, wazee wake walitoka pwani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Kisha akaniambia hali ilivyo bila kuizungusha. Gari dogo hakuna. Kila chenye magurudumu manne Kasulu nzima kimekodiwa kambini. Mochwari haina baridi. Kuzishusha nguzo ni kazi ya siku nzima, na watu wa kuzishusha wako Kibondo, si hapa.

"Unakwenda Kibondo," alisema. "Na nyumbani kwenu ni njiani."

"Ndiyo, mzee."

"Basi mpeleke mama yako."

Alinipa turubai jipya, bado linanuka duka. Fundi seremala wa karibu na soko alitengeneza jeneza la mninga, zuri, na mama mdogo akalifunika kitambaa cheupe alichokishona pembeni kwa mkono. Nikatuma salamu kwa dereva wa lori la chakula aliyekuwa anatangulia. Nilimwambia, "Ukifika Murungu, mwambie mjomba wangu tunafika mchana wa leo. Watungojee njia panda."

Watungojee njia panda. Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi. Dereva asingeyasema. Dereva alijua kwamba gari lenye nguzo halisimami katikati ya mteremko ule. Aliyesema ni mtoto wa Murungu, ambaye tangu shule alishuka pale kutoka kila basi na kila gari la kuomba, mfuko begani, akaingia kati ya migomba kwenda kwa mama yake. Nilipoifikiria safari ile, nilijiona nashuka pale. Sikujiona naendesha.

Tulimweka juu ya nguzo, nyuma ya kabini, tukamfunga kwa kamba na kumfunika turubai. Hapakuwa na mahali pengine. Utingo alisema yeye atakaa huko juu naye, ashike jeneza lisitingishike. Alikuwa mtu wa rika langu, aliyeletwa nchini mgongoni kwa mama yake wakati wa wakimbizi wa zamani, akawa mtu wa Kasulu kama sisi. Tulipokuwa tunakaza kamba ya mwisho aliniuliza, "Kaka, tutasimama wapi?"

"Njia panda."

Alinitazama. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga na kuivuta kamba. Baadaye aliniambia aliona haya kumfundisha mfiwa kazi yake mwenyewe. Alidhani nina mpango.

Mama mdogo alikaa nami kabini, kwenye kiti alichokikataa dada yake. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha udongo mwekundu, nami niliendesha polepole. Kila tulipopita watu walisimama. Walizoea kulitazama gari lile kwa sababu ya urefu wake, watoto hulikimbiza wakihesabu nguzo. Siku hiyo walianza kukimbia, wakaona turubai na kitambaa cheupe kinachochungulia, wakaacha. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi aliiegemeza kwenye ukingo akavua kofia. Niliona vile kwenye kioo nikashukuru. Lakini niliona pia kitambaa chekundu kule mwisho kikipepea kama cha sherehe, nikatamani ningekitoa.

Jua lilitoka tulipokaribia kwetu. Nikafika juu ya mteremko, nikashusha gia kama nilivyozoea, gia nzito kabisa, mguu mbali na breki. Tukaanza kushuka. Nikawaona.

Walikuwa wengi. Wanawake wameketi ukingoni upande wa migomba, khanga viunoni. Wanaume wamesimama, na wanne kati yao wameshika ingobyi, ile machela yetu ya kufuma ambayo tunabebea wagonjwa kuwapeleka hospitali na kuwarudisha, wazima au wafu. Mjomba alisimama mbele yao katikati ya barabara, shati jeupe la kanisani, kofia mkononi, fimbo mkononi. Alisimama hapo ili nimwone vizuri mahali pa kusimama.

Ndipo dereva aliporudi ndani yangu, na akarudi amechelewa.

Nilijaribu breki kidogo sana, kwa ncha ya kiatu. Nikasikia nguzo nyuma yangu zinasogea, kishindo kimoja kizito, na nyuma ya gari ikaanza kuvuta kuelekea upande wa watu. Kwenye kioo niliona mkia unaelekea kwa wale wanawake walioketi. Nikaachia. Gari likanyooka.

Nikapiga honi. Nilitaka watoke. Wao walidhani nawasalimu, nawaambia tumefika. Kilio kikaanza. Wanawake waliinuka wameinua mikono, na wale wanne wakaiweka ingobyi tayari mabegani.

"Ni hapa," mama mdogo alisema. "Punguza. Ni hapa."

Nikapiga honi tena.

"We mwana, ni hapa! Simama!"

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Kanyaga!"

"Nikikanyaga tunawaua!"

Utingo alikuwa anapiga paa la kabini kwa ngumi akiwapigia kelele watoke. Mjomba alikuwa bado katikati ya barabara. Hakuamini. Tulitazamana kupitia kioo cha mbele. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini wakati wa mwisho aliruka. Mzee wa miaka yake, aliruka kama mbuzi, akaangukia mtaroni kwenye maji mekundu na shati lake la kanisani.

Nikampitisha mama yangu mbele ya njia ya kwenda kwake, mbele ya ndugu zake na wanawake wa jumuiya yake, mbele ya ingobyi aliyowekewa. Alipita kama magunia ya chakula yanavyopita. Kilio kilikatika. Nilikisikia kinakatika. Kisha nikasikia sauti nyingine, ya miguu.

Walikuwa wanakimbia. Watu wote. Wanawake wenye khanga zinazofunguka, wanaume, wale wanne na ingobyi yao tupu, wote wanateremka nyuma ya kile kitambaa chekundu. Mama mdogo aliweka uso mapajani.

Kule tambarare wauza mihogo walisimama juu ya vibao vyao kutazama. Walikuwapo na vijana wa kambini waliokuja kubadilisha mahindi kwa dagaa. Nilipopita mbele yao nikitafuta mahali pa kusimamia nilisikia mmoja anauliza kwa sauti, "Wanamkimbiza nani? Ameiba nini?"

Mwingine akamjibu, "Ameiba maiti, huoni?"

Wakacheka. Siwalaumu. Kwa mtu asiyejua, ndivyo ilivyoonekana.

Gari lilisimama. Nikashuka. Nikaegemea tairi. Walifika mmoja mmoja wakihema. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba hapakuwa na kilio. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulia. Watu waliokuja kumlilia mama yangu walisimama kuzunguka gari langu wameshika mbavu. Shangazi mmoja wa ukoo, mwanamke mnene, aliketi chini barabarani na kusema, "Yoo, mnatuua na sisi."

Mjomba alifika mwisho. Hakukimbia. Alikuja anatembea, tope toka begani mpaka mguuni, fimbo yake ameipata. Wakampisha.

"Rudisha gari," aliniambia.

"Halirudi, mjomba."

"Gari gani halirudi nyuma?"

Nilianza kumweleza. Nilimweleza habari ya kigari na minyororo na mteremko, nikionyesha kwa mikono, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayejitetea barazani. Yote yalikuwa kweli. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na ulilijua hilo jana?"

"Nililijua."

"Na juzi?"

"Nililijua, mjomba."

"Basi ni nani aliyetuambia tungoje pale juu?"

Mama mdogo alikuwa ameshuka kabini. Alisema taratibu, bila kumtazama yeyote, "Marehemu alikataa kulipanda. Mnakumbuka. Alisema hapandi kitu kisichorudi nyuma. Leo hakuulizwa."

Mwanamke mmoja akashika mdomo. Wote walikikumbuka. Kichekesho cha mama yangu kilipita katikati yetu pale barabarani, na hapakuwa na wa kukicheka. Hapo ndipo kilio kiliporudi, lakini si kile cha kwanza. Kilikuwa cha chini, cha watu waliochoka.

Mjomba akasema, "Mshusheni."

Utingo alifungua kamba. Turubai lilipoondolewa tuliona kazi ya jua. Nguzo zilikuwa zimetoka jasho. Jeneza la mninga lilikuwa jeusi chini na ubavuni, na kitambaa cheupe cha mama mdogo kimenata, kina michirizi kama kimefutiwa masizi. Harufu ile ilitupiga usoni wote. Wanaume walimpokea juu ya mikono, na mikono yao ikawa myeusi, na mashati yao. Mzee mmoja alinusa kiganja akasema, "Hii ni nini?" Mtu akamnyamazisha.

Waliliweka jeneza juu ya ingobyi na kulifunga. Nikaenda mbele, upande wa kulia, mahali pa mtoto wa kiume, nikainama kushika mti wa ingobyi. Mjomba aliweka fimbo yake mbele ya mkono wangu. Hakunipiga. Aliiweka tu pale, kama unavyoweka kijiti kuzuia maji.

"Wewe umeshambeba," alisema.

Binamu yangu akashika mahali pangu. Wakainua, wakaanza kupanda mteremko. Mama yangu aliingia nyumbani kwake akitokea upande wa Kibondo, upande wanakotokea wageni. Mimi nilitembea nyuma na wanawake. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alinipa ncha ya khanga yake nijifute uso, na nilipomrudishia ilikuwa nyeusi.

Kaburi lilikuwa tayari nyuma ya nyumba. Katekista alianza sala. Alikuwa hajafika mbali tuliposikia honi. Nilijua ni nini kabla ya wengine. Nilikuwa nimeliacha gari likichukua barabara karibu yote, na utingo peke yake hakuwa na ruhusa ya kuliendesha. Malori ya chakula yalikuwa yamefika nyuma yake. Lilipiga moja, la pili likajibu, kisha yote pamoja, kule bondeni, na sisi huku juu tumeinama. Katekista alinyamaza, akangoja, akaendelea, akanyamaza tena. Watu hawakunitazama. Walikuwa wanajitahidi wasinitazame, na hilo lilinielemea zaidi.

Nilitupa udongo wangu. Haukuanguka wote. Mwingine ulibaki umenata kwenye dawa kiganjani, nikasimama juu ya kaburi la mama yangu nikikung'uta mkono kama mtu aliyeshika kinyesi.

"Nenda kaondoe mzigo wako," mjomba aliniambia kaburi lilipofunikwa.

Kwetu mtoto wa marehemu hulala nyumbani usiku ule. Mimi sikulala. Nilishuka mteremko jua likielekea kuzama, nikapita kati ya madereva wenzangu waliokuwa wakinisubiri kwa hasira. Mmoja alipaza sauti, "Wewe mwenye miti! Umeenda kunywa pombe?" Utingo alimnong'oneza. Yule dereva akavua kofia, akaja kunishika mkono, akasema, "Samahani, ndugu." Ningependa angeendelea kunitukana. Nikawasha gari, nikaenda Kibondo.

Kesho yake tulishusha nguzo asubuhi. Zikishashushwa, kile kigari hupandishwa juu ya lori na kufungwa, na lori linakuwa fupi, jepesi, lori kama malori mengine. Nikarudi Murungu. Nikapanda mteremko, nikasimama njia panda bila shida. Hapakuwa na mtu. Ingobyi ilikuwa imeegemezwa mgombani kukauka, wamekwisha kuiosha, ila dawa ilikuwa bado iko kwenye mafundo.

Njia ya kuingia kwetu haina mahali pa kugeuzia. Kwa hiyo niliingia kinyumenyume, kama nilivyofanya siku nyingine gari likiwa tupu, bila kufikiri. Nilikuja kinyume mpaka karibu na ua. Waliokuwa matangani waliinua vichwa. Mjomba alikuwa ameketi mkekani karibu na moto. Aliitazama nyuma ya lori ikija kwake mpaka iliposimama.

Nikashuka. "Mwiriwe," nikasalimu.

Walijibu wachache. Mjomba akasema, "Kumbe linarudi."

"Linarudi likiwa tupu, mjomba."

Nilijua jibu langu linavyosikika. Nilijua kwamba hata nikimleta dereva wa kila lori nchini ashuhudie, kwa baadhi ya watu pale mimi nitakuwa mtu aliyesema gari halirudi, na kesho yake akalirudisha.

"Liweke mbali na kaburi," mjomba alisema. "Kisha uje ukae."

Nililiweka mbali, nikaja nikakaa. Mjomba hakunisogelea, hakunikimbia. Jioni mama mdogo alikuja na kibakuli cha mawese, akachuchumaa mbele yangu, akaichukua mikono yangu. Mawese huitoa dawa ile, sabuni haiwezi. Alisugua kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akinisugua nikiwa mtoto, mafuta mekundu yakawa meusi, akayafuta kwa majani ya mgomba, akaanza tena. Wanaume waliobeba walikuwa wameshasuguliwa jana. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Mama," nikamwambia, "nisamehe."

"Tulia. Usivute mkono."

"Kitambaa ulichokishona."

Aliendelea kusugua. "Mikono itatakata," alisema. "Kile kitambaa kimekwenda na dawa yake."

Kazi ya nguzo haikuwa imekwisha. Tajiri aliniuliza kama nataka mtu mwingine amalizie, nikakataa, maana nilijua nikiacha, watasema nimekimbia, na watakuwa wamesema kweli. Kwa hiyo nilipita tena kwetu na mzigo, zaidi ya mara moja, na kila mara katika mteremko ule gia nzito, mguu mbali na breki, kaburi la mama yangu kule nyuma ya migomba upande wa kushoto, nami siwezi kusimama. Vijana wa kisokoni walishanizoea. "Dereva, leo umebeba nani?" walinipigia kelele nikifika tambarare. Niliwapungia mkono. Ningefanya nini?

Baadaye watu wa simu walichimba mashimo, wakazisimamisha. Moja iko palepale njia panda. Siwezi kusema kama ni kati ya zile alizozilalia. Zote zinafanana, na zote jua likiwaka hutoa harufu ileile.

Lakini kuhusu mjomba. Safari ya kwanza niliyopita na mzigo baada ya msiba, nilimwona kwa mbali amesimama ukingoni pa njia panda. Honi alikuwa ameisikia tangu kule juu. Nilipokaribia, alishuka mtaroni. Hakuruka. Alishuka taratibu kwa fimbo yake, mapema kabla sijafika, akasimama mle ndani kwenye majani, akavua kofia. Alibaki hivyo mpaka nguzo zote zikapita, mpaka kitambaa chekundu kikapita. Safari iliyofuata alifanya vilevile. Na iliyofuata.

Nilimwuliza mama mdogo, "Mjomba ana maana gani? Ananisimanga?"

"Anapisha," alisema.

"Anampisha nani?"

"Si umwulize mwenyewe. Una mdomo."

Niliketi na mjomba mara nyingi baada ya hapo. Tulikula pamoja, tulizungumza habari za mahindi na bei ya dagaa, na alipougua mimi ndiye niliyempeleka Kibondo kwa lori tupu, amekaa kabini kwenye kiti kile, kofia magotini. Tulipita njia panda pamoja. Swali lilikuwa mdomoni mwangu njia nzima. Niliona haya kumwuliza, na sasa naye hayupo.